Moshi wa Dar umeandikwa kwa nani?

Nimekuwa kimya hapa kijiweni kwa wiki kadhaa kwa sababu ya kazi za gazeti, mnanisamehe. Leo nimekuja na habari ambayo mhariri wangu aliikata ikabaki aya tatu. Nimeona niilete hapa nzima nzima, maana hapa hakuna anayepima nafasi kwa rula.

Yalianzia kwenye semina. Mnazijua semina zetu: hoteli, chupa ya maji, kalamu ya bure, na waandishi tumejaa viti vya nyuma karibu na mlango. Mtaalamu alionyesha jedwali la gesi zinazoongeza joto duniani, jinsi zinavyotoka hapa Tanzania, zimegawanywa kwa sekta: nishati, viwanda, kilimo na mifugo, misitu na matumizi ya ardhi, taka. Ofisa mmoja wa wilaya kutoka kusini akanyoosha mkono. Akauliza, "Hiyo ya misitu ni ya nani? Maana kwetu miti inakatwa kweli, lakini huo mkaa sisi hatuupikii." Watu wakacheka. Mtaalamu akajibu kwamba hesabu hiyo ni ya nchi nzima, si ya mkoa mmoja mmoja. Tukaenda kunywa chai.

Mimi lile swali lilinikaa. Kwa siku kadhaa nikawa nachimba makabrasha, na kila nilipochimba nilijikuta narudi kwenye mwaka mmoja, 2006. Mwaka huo mambo matatu yalitokea karibu kwa pamoja: nchi iliingia kwenye mgawo mkali wa umeme, serikali ilipiga marufuku mkaa, na wafugaji wakaondolewa Ihefu. Magazeti ya wakati huo yaliyaandika kama habari tatu tofauti. Ukiyapanga kwa macho ya yule ofisa, ni habari moja.

Kabla hatujafika huko, niseme jambo moja ili nisieleweke vibaya. Mtanzania wa kawaida, ukihesabu hewa ukaa itokanayo na mafuta, gesi na makaa ya mawe, hafikishi hata nusu tani kwa mwaka. Wastani wa dunia ni zaidi ya tani nne. Kwa hiyo hatugombani hapa kuhusu nani kaiunguza dunia, hao wanajulikana. Ninachouliza ni kidogo zaidi: ndani ya nchi yetu, deni linaandikwa kwa nani? Nauliza kwa sababu marufuku, kuhamishwa, na siku hizi hata pesa za kaboni, vyote vinafuata pale deni lilipoandikwa.

Tuanze na umeme. Mwaka 2006 nilikuwa darasa la kwanza, tunakaa Tabata. Ninachokumbuka ni giza, harufu ya mafuta ya taa, na jenereta ya duka la jirani ikinguruma mpaka usiku. Wakubwa walikuwa wakitaja neno "Mtera" kama vile wanataja ndugu mgonjwa. Mimi nilidhani ni mtu.

Umeme wa nchi hii tangu mwanzo ulifuata pesa. Wajerumani walianza kuuwasha Dar es Salaam mwaka 1908, na mteja wa kwanza alikuwa karakana ya reli pamoja na sehemu ya mji. Mwaka 1931, chini ya Mwingereza, zikaundwa kampuni mbili: DARESCO na TANESCO. Upande wa Tanga wakatumia maporomoko ya mto Pangani, kwa sababu kulikuwa na mashamba ya mkonge yanayohitaji mashine kuzunguka. Baada ya uhuru kikaja kituo cha Hale, mwaka 1964. Halafu likaja jambo kubwa: Kidatu, mkoani Morogoro, awamu ya kwanza mwaka 1975 na ya pili 1980, megawati 204 kwa jumla. Juu yake, mpakani mwa Iringa na Dodoma, likajengwa bwawa la Mtera la kuhifadhi maji ya Ruaha Mkuu, na mwaka 1988 nalo likawekewa mitambo yake ya megawati 80.

Angalia hiyo ramani. Taa za Kariakoo, viwanda vya Chang'ombe, friji za Upanga, vyote vilikula maji yanayoanzia Usangu mkoani Mbeya, yakapita Iringa, yakashukia Morogoro. Kwa miaka mingi umeme wa Dar haukuwa na moshi wa kuandikiwa mtu. Gharama yake ilikuwa mto, na mto haumo kwenye jedwali la kaboni.

Ukame wa miaka ya 1990 ndio uliovuruga. Mabwawa yakapungua, mgawo ukaja, na serikali ikaanza kutafuta mitambo ya kuchoma kitu. Tegeta ikapata mtambo wa IPTL, megawati 100, unaotumia mafuta mazito, ukaanza kazi mwaka 2002. Gesi ya Songo Songo, kisiwani Kilwa, iligunduliwa mwaka 1974 ikakaa chini miaka 30, hadi mwaka 2004 ilipofika Ubungo kwa bomba la zaidi ya kilomita 200. Kwa hiyo mvua zilipogoma tena na Mtera ikakauka mwaka 2006, Dar ilikuwa tayari imejifunza kuchoma. Ikakodi mitambo ya dharura. Hapo ndipo ilipozaliwa ile habari ya Richmond, iliyomwondoa waziri mkuu Edward Lowassa madarakani Februari 2008. Sitaifungua leo, tutakesha.

Gesi si mbaya kama makaa ya mawe, tuseme ukweli. Kwa umeme uleule, hewa ukaa yake ni kama nusu. Lakini tazama mpangilio: kisima kipo Lindi, moshi unatoka Dar, na umeme nao unatumika Dar kwa sehemu kubwa. Kwenye hili angalau kitabu ni cha haki, anayewasha ndiye anayeandikiwa. Malalamiko ya kusini yalikuwa ya aina nyingine. Mwaka 2013 watu wa Mtwara waliingia barabarani, Januari na tena Mei, kupinga bomba la pili lililokuwa linaipeleka gesi yao Dar es Salaam. Watu walikufa. Walitaka mitambo ijengwe kwao, moshi utoke kwao, ajira zibaki kwao. Sikuwahi kufikiria kwamba kuna watu wangeweza kudai moshi kama haki. Bomba lilizinduliwa mwaka 2015, lina urefu wa zaidi ya kilomita 500, na mitambo iko Kinyerezi.

Sasa mkaa, maana hapa ndipo swali la yule ofisa lilipo.

Januari 2006 serikali ilipiga marufuku uchomaji na biashara ya mkaa. Sababu iliyotolewa ilikuwa uharibifu wa misitu na vyanzo vya maji. Marufuku ilidumu kama wiki mbili. Fikiria jiji la mamilioni halina umeme wa uhakika, mafuta ya taa yanapanda bei, halafu unaliambia lisipikie mkaa. Lingepikia nini? Utafiti wa Benki ya Dunia uliotoka mwaka 2009 ulisema kwamba kati ya mwaka 2001 na 2007 kaya za Dar es Salaam zinazotegemea mkaa kama nishati ya kwanza zilipanda kutoka asilimia 47 hadi 71. Na kwamba jiji hili peke yake lilikuwa likila karibu nusu ya mkaa wote wa nchi, ambao ulikadiriwa kufika tani milioni moja kwa mwaka.

Nilikwenda Kisarawe Jumamosi moja kutafuta mtu anayeikumbuka marufuku hiyo. Nikampata mzee mmoja, mchoma mkaa, aliyekuwa akisukuma baiskeli yenye magunia matatu yaliyofungwa kwa kamba za mpira. Nilimpa shikamoo, akaitikia bila kusimama, ikabidi nitembee naye. Nilipomwuliza kuhusu 2006 akacheka.

"Walinikamata njiani na magunia mawili. Wakaniambia naharibu nchi. Mkaa wakauchukua."

"Wakaupeleka wapi, mzee?"

"Wewe kijana umesoma. Mkaa unapelekwa wapi?"

Akanionyesha tanuri lake. Magogo yanapangwa, yanafunikwa majani, halafu udongo, moto unawashwa upande mmoja na kuachwa uungue polepole kwa siku kadhaa. Moshi wake mweupe na mzito, ukikaa karibu macho yanatoka machozi. Kwa matanuri ya namna hii, kilo 100 za kuni zinatoa mkaa wa kilo 10 hadi 20 tu. Mengine yote yanapotelea pale pale porini, na ndani ya moshi huo kuna methani, gesi yenye nguvu ya kuhifadhi joto kuliko hewa ukaa mara nyingi. Ndiyo maana mkaa ukifika Dar unaonekana msafi. Mama lishe wa Buguruni anawasha jiko, hauoni moshi, kwa sababu moshi wake umebaki Kisarawe, Rufiji, Kilosa, Handeni.

Sasa njoo kwenye kitabu. Nilipata muda wa kusoma miongozo ya IPCC, lile jopo la wanasayansi la Umoja wa Mataifa, ambayo nchi zote zinaifuata katika kuhesabu. Inasema hivi: hewa ukaa inayotoka unapochoma kuni au mkaa haijumlishwi kwenye sekta ya nishati. Inaandikwa pembeni, kwa kumbukumbu tu. Inayohesabiwa ni ile ya mti kupungua msituni, na inakwenda kwenye sekta ya ardhi na misitu. Wanasayansi wana sababu nzuri, hawataki kuhesabu kitu kimoja mara mbili. Na kwa nchi nzima haina tatizo, jumla ni ileile.

Lakini ukishuka kwenye mkoa, mambo yanageuka. Wali uliopikwa Buguruni, kwenye ukurasa wa nishati, hewa ukaa ya mkaa wake ni sifuri. Deni linaonekana kwenye ukurasa wa misitu, yaani kule mti ulikoanguka. Dar haina msitu wa kukata, kwa hiyo Dar haidaiwi kitu. Anayedaiwa ni Pwani, ni Morogoro, ni Lindi. Na ukitaka kujua kama hili lina maana yoyote mtaani, mwulize yule mzee. Mwaka 2006 kizuizi kiliwekwa barabarani kwake, si jikoni kwetu Tabata. Mama yangu alinunua mkaa wiki zile zote mbili. Kwa bei ya kuruka, lakini alinunua.

Jambo la tatu la mwaka huo ni ng'ombe, na hapa inabidi nirudi nyuma kidogo hadi Shinyanga. Miaka ya 1920 Mwingereza mmoja, Swynnerton, alikuwa mkuu wa mapambano dhidi ya mbung'o Tanganyika, na Shinyanga ndiyo iliyokuwa shamba lake la majaribio. Dawa yake kubwa ilikuwa shoka. Machifu waliwaita Wasukuma kwa maelfu, vichaka vikafyekwa, mbung'o wakakosa kivuli, malisho yakapatikana. Serikali ilijisifu. Ng'ombe wakaongezeka, pamba ikaongezeka, miti ikaisha. Kufikia miaka ya 1970 na 1980 watu walianza kuhama na mifugo yao kwenda kusini: Rukwa, Usangu, bonde la Kilombero.

Usangu ndiko kwenye ardhioevu ya Ihefu, na Ihefu ndiko maji ya Ruaha Mkuu yanakopita kabla ya kufika Mtera. Mto huo ulianza kukauka kabisa wakati wa kiangazi ndani ya hifadhi ya Ruaha mwaka 1993. Mgawo wa 2006 ulipoingia, ikatafutwa sababu ya giza la Dar es Salaam, na kidole kikaenda moja kwa moja kwa mfugaji. Kuanzia Mei 2006 hadi mwaka uliofuata, wafugaji waliondolewa Usangu pamoja na ng'ombe zao, wengi wakaelekezwa mkoa wa Lindi, safari ya mamia ya kilomita. Ng'ombe walikufa njiani. Mwaka 2008 Usangu ikaingizwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha.

Kilichonikera ni kwamba jibu la kitaalamu lilikuwapo tayari. Mradi wa SMUWC, uliofanya utafiti Usangu kati ya mwaka 1999 na 2001, ulionyesha kwamba mto unakauka kiangazi hasa kwa sababu ya mifereji ya umwagiliaji inayochukua maji msimu huo. Na kwamba kukatika kwa umeme hakutokani na hilo, kwa kuwa Mtera hujazwa na maji ya masika. Tatizo ni namna maji ya bwawa yanavyotumiwa. Lakini mfereji hauna miguu, huwezi kuupandisha lori.

Ng'ombe wanatoa methani, sibishi. Nchi ina ng'ombe zaidi ya milioni 30 na methani ya matumbo yao ni fungu kubwa kwenye ukurasa wa kilimo. Lakini ona kilichofanyika kwa macho ya kitabu chetu: methani iliyokuwa imeandikwa Mbeya ikahamishiwa Lindi, kwa amri, ili Dar ipate umeme. Lindi ileile iliyokuwa inaipa Dar gesi ya Songo Songo. Lindi ileile inayoipa mkaa.

Na Shinyanga yenyewe? Huko kuna habari ambayo sisi waandishi tunaisahau kwa sababu haina mtu aliyekamatwa. Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Badala ya kuwapa watu miche ya kigeni na vitisho, ulirudia desturi ya Wasukuma wenyewe, ngitili: unatenga kipande cha malisho, unakifunga masika, kinabaki akiba ya kiangazi. Visiki vikachipua. Mradi ulipoisha mwaka 2004, ngitili zilizorudishwa zilikuwa zaidi ya hekta 350,000. Kaboni iliyorudi ardhini pale ilirudi bila mtu yeyote kuitaja kwa jina hilo. Watu walitaka majani, kuni na nguzo za nyumba.

Saruji niipitie haraka, ingawa nayo ina ujanja wake. Kiwanda cha Wazo Hill kilianza kuzalisha mwaka 1966, Tanga kikafuata mwaka 1980. Watu wengi wanadhani moshi wa saruji ni wa kuni au mafuta tu. Hapana, jiwe lenyewe linatoa gesi. Ukichoma jiwe safi la chokaa, asilimia 44 ya uzito wake inapanda hewani kama hewa ukaa, utumie moto wa aina yoyote. Ndiyo maana saruji ina ukurasa wake wa viwanda mbali na ukurasa wa nishati. Na moto wenyewe siku hizi una safari ndefu: makaa ya mawe ya Ngaka, mkoani Ruvuma, yanabebwa kwa malori hadi viwanda vya mbali, halafu mifuko inarudi kujenga maghorofa mjini. Deni la jiwe linabaki lilipochomwa.

Tangu hapo mambo yamebadilika. Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji lilianza kufua umeme Februari 2024, na mwaka 2025 mitambo yote tisa ikakamilika, megawati 2,115. Kwa mara nyingine taa za Dar zinawaka kwa mto wa mkoa mwingine. Mei 2024 ulizinduliwa mkakati wa nishati safi ya kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Na tangu mwaka 2022 tuna kanuni za biashara ya kaboni, vijiji vyenye misitu iliyosimama vinaweza kulipwa, na wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi wameshaanza kuonja. Ni jambo jema. Lakini Katavi wanalipwa kwa sababu msitu wao upo. Kisarawe ulishaliwa na sisi, sasa watalipwa kwa kipi?

Nilimpigia simu yule ofisa wa kusini wiki iliyopita. Nikamweleza habari ya IPCC, kwamba hewa ukaa ya mkaa haihesabiwi kwa anayepika bali pale mti ulikokatwa. Akanyamaza kidogo.

"Kwa hiyo ni ya kwetu," akasema.

Nikamwambia kwa mujibu wa kitabu, ndiyo. Akaniomba nimtumie hicho kifungu kwa maandishi, kwa Kiswahili, kabla ya Ijumaa. Ana kikao cha bajeti.